Paka mzee mwenye shida ya figo: uliza nini kabla hujamchukua

Watu wanaotoka kutazama paka kwenye makao ya wanyama hapa Nairobi huja kliniki na swali moja: "Daktari, yule mzee nimempenda, lakini wameniambia ana shida ya figo. Nikimchukua si atanifia tu?" Nami huwauliza kama wamepewa karatasi zake za maabara. Shida ya figo inaweza kuwa ya paka aliyebakiza wiki chache, na inaweza kuwa ya paka atakayelala kwenye kochi lako miaka miwili au mitatu, anakula, anakoroma na kukufuata jikoni. Huwezi kuwatofautisha kwa kuwatazama. Namba ndizo zitakazokuambia.

Paka wa nyumbani ametokana na paka pori wa Afrika na Mashariki ya Kati, mnyama wa nchi kavu. Mwili wake unajua kubana maji na kutoa mkojo mzito, na kiu yake ni ndogo. Figo zinapochakaa, uwezo wa kukoleza mkojo ndio hutangulia kupotea, kiasi cha theluthi mbili ya kazi yake ikishakwisha. Mpaka kreatinini, taka ya mwili ambayo figo huichuja, ianze kupanda kwenye damu, karibu robo tatu imekwenda, na kilichokwenda hakirudi. Kwa hiyo dalili ya kwanza nyumbani haifanani na ugonjwa hata kidogo: bakuli la maji linakauka upesi, na mchanga wa choo unalowa kuliko zamani. Watu husema paka wao "siku hizi anakunywa maji vizuri," na wanafurahi. Paka mzee aliyeanza ghafla kunywa maji mengi apimwe.

Madaktari wengi wa mifugo tunafuata ngazi nne za IRIS, jopo la kimataifa la wataalamu wa figo za wanyama. Kreatinini ikiwa chini ya 140 (kwa mikromoli kwa lita, kama maabara zetu zinavyoandika) ni ngazi ya kwanza, kukiwa na dalili nyingine ya figo kuharibika. Kutoka 140 hadi 250 ni ya pili, 251 hadi 440 ni ya tatu, na zaidi ya hapo ni ya nne. Usikubali kipimo kimoja kilichochukuliwa siku paka aliyoletwa makaoni akiwa amekauka maji, kwa kuwa upungufu wa maji peke yake hupandisha namba. Omba kipimo cha pili baada ya kupewa maji na kutulia. Paka wa ngazi ya pili ninamsifu bila wasiwasi kwa mtu yeyote mwenye subira. Wa tatu anataka mtu aliye tayari kujifunza sindano ya maji nitakayoieleza hapa chini. Wa nne nampeleka kwa wachache tu, wale wanaoelewa kwamba wanamchukua ili amalizie siku zake penye joto na upendo, na hao nawaheshimu sana.

Kuna karatasi mbili nyingine ambazo mara nyingi hazipo kwenye faili. Moja ni ya mkojo: uzito wake ukilinganishwa na maji matupu (paka mzima mwenye figo nzuri kwa kawaida huvuka 1.035) na kama una protini. Nyingine ni ya presha. Paka hupata presha kama sisi, na figo mbovu ni sababu kubwa. Ya juu ikifika 160 au zaidi kwa vipimo vilivyorudiwa paka akiwa ametulia, tunaanza kufikiria matibabu. Ikiachwa, retina, utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga, inabanduka na paka anaamka kipofu, anagonga miguu ya meza. Dawa yake, amlodipini, ni ileile ya binadamu, ila dozi ni kipande kidogo sana cha kidonge. Kipimo chenyewe ni cha dakika chache, kwa mkanda mdogo wa mkononi au mkiani. Kisidharauliwe.

Kinachowatisha watu zaidi ni dripu ya nyumbani, ya kumrudishia paka maji ambayo figo zinashindwa kuyabana, kwa hiyo niieleze taratibu. Si dripu ya mshipani. Maji yanaingia chini ya ngozi, na yanafyonzwa polepole. Mfuko wa Ringer laktati (maji ya dripu yenye chumvichumvi) unauweka kwanza ndani ya beseni la maji ya uvuguvugu, kisha unajaribu tone kwenye kifundo cha mkono wako, lisiwe la moto wala baridi. Unautundika kwenye msumari au kitasa cha kabati, juu ya kimo cha paka. Paka anakaa kwenye taulo, uso wake ukitazama mbali nawe, na mtu wa pili akimpa kitu cha kulamba. Unainua ngozi katikati ya mabega, unachoma sindano mpya sambamba na mgongo, ukielekeza kwenye uwazi ulioufanya, unafungua. Ukiona manyoya yanalowa upande wa pili, umetoboa ukatoka, rudi nyuma kidogo. Paka wa kilo nne mara nyingi hupewa mililita 100 hivi, kila siku au siku kadhaa kwa wiki kama daktari alivyoandika, na asiongezewe kwa huruma, hasa akiwa na moyo dhaifu. Nundu itatokea, pengine itateremka hadi mguu wa mbele. Ni kawaida, itanywea yenyewe baada ya saa kadhaa. Nimewafundisha akina mama wazee waliokuja mikono ikiwatetemeka, na baada ya wiki mbili wanafanya huku redio ikiwaimbia.

Mimi ni mtu wa Mombasa. Kwetu Mji wa Kale paka ni wa mtaa mzima: anakula nyumba hii, anakunywa ile, anajilaza baraza ya jirani, na hakuna anayemfukuza. Ni malezi mema kwa paka mwenye afya. Paka wa figo hayamfai, kwa sababu hapatakuwa na mtu mmoja anayejua amekunywa kiasi gani, amekula nini, na ni lini alipoacha. Huyu anahitaji kufungiwa ndani na kuwa na mtu wake. Mpime uzito kila wiki kwa mizani ileile. Gramu 200 kwa paka wa kilo nne ni sawa na mtu wa kilo 70 kupoteza kilo tatu na nusu.

Kuhusu chakula, omena tunaopenda kuwapa paka ni nyama na mifupa yake, kwa hiyo wamejaa fosforasi, na fosforasi ndiyo inayozidi kuzimaliza figo zilizochoka. Chakula maalumu cha figo kina ushahidi mzuri wa kuongeza maisha, ingawa ni ghali na huadimika madukani. Usikianzishe wiki ile ya kwanza. Paka aliyehamishwa ana hofu, akilazimishwa chakula kigeni atakichukia milele. Mwache ale alichokizoea makaoni, ukiongezea maji kwenye chakula laini, ubadilishe kidogo kidogo kwa wiki kadhaa. Asipokula kabisa siku mbili, mpigie daktari, usisubiri ya tatu, kwani ini la paka mwenye njaa hujaa mafuta na hilo huua kabla ya figo.

Na tafadhali, asipewe Panadol. Kidonge kimoja cha miligramu 500 kinatosha kumuua paka. Diklofenaki na ibuprofeni zikae mbali naye pia. Maua ya yungiyungi (lily) yanayouzwa kwenye shada yasiingie nyumbani kabisa, maana hata chavua akiilamba kwenye manyoya inaweza kuzizima figo zake.

La mwisho ni la safari. Kabla hujatia sahihi, mtafute mtu atakayemtia dripu Desemba ukienda ushago, umlete kliniki mjifunze pamoja siku moja. Ukimkosa, tuulize mapema kama tuna kizimba cha kumlaza, na uache mfuko wa maji, dawa na chakula chake vya kutosha hadi siku utakayorudi.