Utegemezi wa programu ni nini, na kwa nini ni suala la usalama?

Ukisakinisha programu moja kwenye Linux, umesakinisha nyingi. Andika amri `ldd /usr/bin/curl` uone: itakutolea orodha ndefu ya maktaba, yaani vipande vya msimbo vilivyoandikwa tayari, ambazo curl (programu ya kupakua data mtandaoni) haifanyi kazi bila hizo, na wewe hukuchagua hata moja. Huo ndio utegemezi: programu kuegemea msimbo wa watu wengine, ambao nao umeegemea wa wengine tena. Kwa maoni yangu, hatari kubwa ya programu huria, zile ambazo msimbo wake uko wazi kwa wote, iko hapo, kuliko kwenye nywila tunazozihangaikia kila siku.

Machi 2024, mhandisi wa Microsoft, Andres Freund, aliona kuingia kwenye mashine kwa SSH (njia salama ya kuiendesha kompyuta ukiwa mbali) kunachelewa kwa takriban nusu sekunde. Hakuidharau. Alipochimba alikuta mlango wa nyuma, yaani njia ya siri ya kuingilia, ndani ya xz, zana ya kubana mafaili, matoleo 5.6.0 na 5.6.1. Ajabu ni kwamba SSH yenyewe haina haja na xz. Ila Debian, moja ya mifumo ya Linux, na baadhi ya wenzake walikuwa wameiunganisha SSH na maktaba ya systemd (programu inayowasha na kusimamia huduma za mfumo), na maktaba hiyo ndiyo iliyoitegemea xz. Mvamizi alipitia kwa jirani wa jirani. Alikuwa amechangia kazi nzuri kwa zaidi ya miaka 2, hadi akaaminiwa kusaidia kuutunza mradi uliokuwa umemwelemea mtu mmoja wa kujitolea.

Uwazi wa msimbo nao haukutosha. Kipande kilichoamsha mtego kiliwekwa kwenye kifurushi cha kusambazwa tu. Kwenye hazina ya Git, ambako msimbo huhifadhiwa na watu husoma, hakikuwemo.

Kwa hiyo anza kwa kujua ulicho nacho: weka orodha ya vifurushi na matoleo yake kwa kila seva. Usichokitumia kiondoe, maana kisichokuwepo hakishambuliwi. Sasisho za usalama zisisubiri mwisho wa mwezi.

Lakini usihukumu kwa namba ya toleo pekee. Debian huziba tundu ndani ya toleo lile lile la zamani, na kinachobadilika ni viambishi vya mwisho tu, kama `+deb12u2`. Chukua namba ya CVE (kitambulisho cha tundu la usalama linalojulikana), itafute kwenye taarifa za usalama za Debian, ndipo ujue kama seva yako imeshatibiwa.