Valvu kuelea si ile pa-pa-pa unayoisikia

Jumamosi gereji, kijana kakanyaga akseleta ya Toyota Altezza iliyosimama, anapiga resi mpaka bomba la moshi linatoa pa-pa-pa-pa. Wenzake wanashangilia: "Sikia valvu zinavyoelea!" Hii ni mara ya ngapi naisikia mwaka huu, sijui. Jamani, hiyo ni limita, kile kikomo cha mizunguko kilichowekwa kwenye kompyuta ya injini.

Valvu kuelea ni pale injini inapozunguka kwa kasi ambayo springi haziwezi tena kuilazimisha valvu (kile kifuniko kinachoingiza hewa au kutoa moshi kwenye silinda) ifuate umbo la nundu ya kamshafti, ule mhimili unaozunguka na kuzifungua valvu. Basi, maana ni hiyo.

Nadhani neno lenyewe ndilo linalotuponza. Kwetu kuelea ni jambo jema. Mtumbwi unaelea, somo likikukaa kichwani unasema limekuelea, na wahenga wakasema ukiona vyaelea, vimeundwa. Kwenye silinda hedi, kile kichwa cha injini zinamokaa valvu, ukiona vyaelea, vimeundwa vibaya. Kamshafti inajua kusukuma tu. Kufunga valvu ni kazi ya springi, na nundu ikishapita kilele na kuanza kuteremka, springi ndiyo inayoibana tapeti, kile kipande kati ya nundu na valvu, isiachane na nundu. Ikizidiwa, tapeti inabaki hewani kwa kitambo kisichofika hata kupepesa jicho. Huko ndiko kuelea: kukosa cha kuishika. Halafu valvu inaanguka kwenye siti yake kwa kishindo na kuruka tena, na huko ni kudunda, jambo la pili lenye jina lake. Kwenye injini ambayo pistoni na valvu zinapishana kwa zamu nafasi ileile, valvu iliyochelewa hukutana na pistoni njiani.

Tatizo hili lilisumbua wakubwa pia. Ducati, kwenye baadhi ya pikipiki zao, wanatumia roka ya pili, yaani mkono mdogo unaoivuta valvu kuifunga, na Renault mwaka 1986 walileta kwenye mbio za magari za Formula 1 hewa iliyogandamizwa badala ya springi za chuma.

Sasa pa-pa-pa. Hiyo ni kontroli boksi, yaani kompyuta ya injini, inayokata mafuta au moto wa plagi, inarudisha, inakata tena. Kikomo chenyewe ni namba iliyoandikwa tu. Mwenye kompyuta anaipandisha kwa dakika mbili, na hapo ndipo ninapokasirika, kwa sababu springi hazisomi kompyuta. Kutoka mizunguko 6,500 kwa dakika hadi 8,000 ni nyongeza ya asilimia 23 hivi, lakini nguvu ya kuirudisha valvu hukua kwa mraba wa kasi, kwa hiyo springi inadaiwa zaidi ya asilimia 50 juu ya ile ya mwanzo. Ukiongeza kamshafti kali inayoinua valvu juu zaidi, lazima upime kama koili za springi hazitabanana zikigusana kabla ya kilele. Na usikimbilie springi ngumu kuliko zote sokoni: zinakula nundu na tapeti bure. Mara nyingi kupunguza uzito wa valvu na kile kisahani cha juu kinachoishika springi kunasaidia zaidi.

Hata springi zikiwa sawa, kikomo kinaweza kuwa kwingine. Honda S2000 ya lita 2.0 ilikuwa na mstari mwekundu, yaani kikomo cha kasi ya injini, kwenye mizunguko 9,000 hivi. Ile ya lita 2.2 ikashushwa hadi 8,000 kwa sababu safari ya pistoni iliongezwa kutoka milimita 84 hadi 90.7, hivyo kwa mizunguko ileile pistoni inakimbia zaidi.

Na limita haikulindi ukikosea gia. Ukiwa ya tano, ukitaka ya nne ukaingiza ya pili, inaweza kukata mafuta yote na bado magurudumu yataizungusha injini kupita springi zinapoweza. Valvu nyingi zilizopinda nilizoonyeshwa zilianzia hapo, wala si kwenye kupiga resi gari ikiwa imesimama.

Yule kijana wa Altezza nilimwambia aseme "limita inakata". Akaniuliza, sasa zikielea kweli nitajuaje? Nikamwambia aipeleke kwenye mashine ya kupimia nguvu, aangalie mstari wa nguvu unaochorwa. Ukianza kuporomoka na kutetemeka kabla limita haijagusa, ashuku springi kwanza. Ukienda laini mpaka limita ikate, basi zile hazijaelea, ni kontroli boksi tu inafanya kazi yake.