Kwa nini wimbo ulionoga sebuleni huharibika ukishaingia kwenye simu?

Bendi za sebuleni Arusha ziko nyingi kuliko mabango yanavyoonyesha. Sakina, Njiro, Kijenge, utakuta vijana wanne au watano wenye magitaa mawili, kinanda cha kuazima na nyimbo walizotunga wenyewe. Jumamosi wanaupiga wimbo mpya, unanoga hasa. Simu iliyokaa juu ya meza ya TV imerekodi yote. Wanaisikiliza, na mwimbaji anasikika yuko bafuni, besi inavuma kwenye noti moja na kupotea kwenye nyingine, na kila ngoma ikilia sauti zote zinazama halafu zinaibuka polepole. Chumba ni kile kile na wimbo ni ule ule. Kimetokea nini?

Jibu ambalo karibu kila mtu analo mdomoni ni maiki ya simu: ndogo, ya bei rahisi, imewekwa kwa ajili ya maongezi, si muziki. Watu wakishaliamini hilo huchangishana, wakanunua maiki ya kondensa, ile kubwa inayotaka umeme wa volti 48, wakaisimika pale pale kwenye meza ya TV. Wanapata rekodi mbaya kama ya mwanzo, ila sasa jogoo wa jirani naye yumo, tena amenaswa vizuri mno. Maiki nzuri zaidi katika sehemu mbaya hurekodi ubaya wa sehemu hiyo kwa uaminifu zaidi.

Ukweli ni kwamba maiki ya simu si mbovu kiasi hicho. Ni kipande cha silikoni cha milimita chache, lakini hunasa sehemu kubwa ya masafa ya sauti, kuanzia nzito hadi nyembamba, ambayo sikio la mtu mzima husikia. Kulithibitisha hakuhitaji hela. Fungua kabati lililojaa nguo, mwimbaji asimame akilielekea, simu iwe katikati yake na nguo, shubiri moja hivi kutoka mdomoni na kando kidogo ili pumzi isiipige. Sauti itatoka kavu na ya karibu, na ukimwambia mtu kwamba ni ya studio huenda asikubishie. Mipaka ipo, kweli: ngoma ikipigwa kwa nguvu karibu yake, maiki hiyo hukwaruza, na sauti hafifu huja na mchirizo. Ila mchirizo na mkwaruzo sio malalamiko ya bendi yetu. Wao wanalalamikia bafu ambalo sebuleni halikuwepo.

Tazama pia upande wa pili wa historia. NUTA Jazz na Mlimani Park Orchestra zilirekodiwa kwenye studio za Radio Tanzania Dar es Salaam, bendi nzima ikipiga kwa pamoja huku tepu ikizunguka. Hakukuwa na kuimba leo na kuongeza gita kesho. Vifaa vyenyewe, kwa hesabu ya leo, vilikuwa vichache. Walichokuwa nacho, ambacho bendi ya Sakina haina, ni chumba kilichotengwa kwa kazi hiyo na fundi mitambo aliyejua nani asogee na nani arudi nyuma.

Basi turudi chumbani. Gita likipigwa, sauti husafiri mita 340 hivi kwa sekunde. (Wapo wanaodhani mwinuko wa Arusha, mita kama 1,400 juu ya usawa wa bahari, hubadilisha mwendo huo. Kinachoubadilisha ni joto la hewa, kwa hiyo wa kulaumiwa, tena kidogo tu, ni baridi ya Julai.) Sehemu ya sauti hufika sikioni moja kwa moja. Iliyobaki hugonga vigae, dari ya jipsamu na kioo cha dirisha, ndipo ije. Ukuta ulio mita 2 nyuma yako hukurudishia nakala iliyochelewa kwa milisekunde 12 hivi. Kuta nyingine huleta zao, na nakala hizo nazo hugonga tena. Zote hizo ziliingia masikioni mwa vijana wale wakati wanapiga. Hawakuzisikia kwa sababu ubongo wao ulizifuta.

Mfikirie katibu wa kikao cha vikoba. Mjumbe anasimama na kusema michango ipande. Watu kumi wanamfuata, kila mmoja akisema "naunga mkono, michango ipande." Katibu mzuri haandiki mara kumi na moja. Anaandika hoja mara moja, anaitaja kuwa ya yule wa kwanza, na hao kumi anawahesabu kama uzito wa hoja, si kama hoja mpya. Ndivyo ubongo unavyofanya na nakala zinazofuata sauti ya kwanza kwa haraka: huziunganisha nayo, huihusisha sauti yote na mahali ilikotokea ya kwanza, na nakala zenyewe hubaki zikiongeza unene tu. Mjerumani Helmut Haas alilipima jambo hili katika tasnifu yake ya Göttingen mwaka 1949. Alikuta kwamba nakala ya maneno iliyochelewa kwa milisekunde chache hadi 30 hivi inaweza hata kuzidi ya kwanza kwa desibeli 10 (desibeli ni kipimo cha ukubwa wa sauti), na msikilizaji bado asiisikie kama sauti ya pili. Simu, kwa upande wake, ni katibu anayeandika kila neno, waunga mkono wote, na kijiko kilichoanguka jikoni.

Hapo mtu makini atauliza: rekodi si nayo inasikilizwa na ubongo ule ule? Mbona haufuti tena? Kwa sababu katibu huyu anahitaji kuona nani amekaa wapi. Sebuleni gita liko mbele na nakala zinatoka kushoto, juu na nyuma, na masikio mawili yakilinganisha, ubongo unazitenganisha. Maiki moja imekusanya wote kwenye kiti kimoja. Jaribu mwenyewe: bendi ikiwa inapiga, ziba sikio moja kwa kidole. Chumba kinakuwa na mwangwi papo hapo, na hakuna aliyegusa kitu.

Kipimo kingine ni cha ajabu zaidi. Piga kofi moja sebuleni, lirekodi, kisha liingize kwenye programu ya bure kama Audacity na uligeuze licheze kutoka mwisho kwenda mwanzo. Ghafla unasikia mvumo mrefu unaokua na kukua hadi kofi. Huo ndio mwangwi wa sebule yako, kiasi kile kile, haukuongezwa hata chembe. Umeusikia kwa sababu sasa waunga mkono wametangulia mtoa hoja, na katibu hajui awafanyeje. Tahadhari moja: majaribio mengi ya aina hii yalifanywa kwa mibofyo na maneno. Kwa muziki ubongo huvumilia ucheleweshaji mrefu zaidi, kwa hiyo namba ya Haas isichukuliwe kama sheria ya magitaa.

Kutokana na hayo, umbali ndio kila kitu. Ukiongeza umbali wa simu na mwimbaji maradufu, sauti ya moja kwa moja hushuka kwa desibeli 6, ilhali mwangwi unabaki karibu ule ule chumba kizima. Kwenye sebule ya kawaida yenye vigae, mahali ambapo viwili hivi vinalingana ni karibu nusu mita tu kutoka kwa mwimbaji. Meza ya TV iko mita 3. Kilichorekodiwa pale ni sebule, na bendi imo kwa mbali.

Kuzama na kuibuka kwa sauti kuna mwenyewe: simu hujirekebishia kiwango, ikipandisha kinachosemwa kwa sauti ndogo na kushusha kinacholia sana. Kwa maongezi ni msaada. Kwa muziki, ngoma moja inaivuta bendi yote chini. Baadhi ya programu za kurekodia huruhusu kuizima, na inafaa kuitafuta sehemu hiyo kabla ya kutafuta maiki mpya.

Besi nayo ina kisa chake. Chumba chenye urefu wa mita 3.4 huvumisha masafa ya hezi 50, yaani mitetemo 50 kwa sekunde, na noti ya G ya chini kwenye gita la besi ni hezi 49. Mpigaji akiigusa G, ukuta unamshangilia. Akihama noti chache, kimya. Kusogeza spika ya besi kutoka kwenye kona hupunguza. Blanketi halisaidii kwa masafa ya chini hivyo, ingawa kwa mwangwi wa juu ni dawa nzuri, na nyumba ya Arusha isiyo na mablanketi mazito sijaiona.

Kisha wimbo unarushwa kwa WhatsApp, mara nyingi kwa kuicheza rekodi spikani na kuinasa upya kama ujumbe wa sauti. Huko hubanwa kwa mfumo wa Opus, kwa kiwango kilichokusudiwa maneno, na mwangwi wa chumba cha pili unaongezeka juu ya ule wa kwanza. Faili likitumwa kama waraka hufika lilivyo. Anayelipokea atalichezea kwenye spika ya simu isiyoweza kabisa kutoa hezi 49, na bado atasema anasikia besi. Noti ya hezi 49 huja na ngazi za juu, yaani mizidisho ya 49. Spika inatoa 196, 245, 294 na kuendelea, na ubongo, ukiona ngazi zinazopishana kwa 49, unaijaza ya chini wenyewe. Ndiyo maana besi iliyopigwa kwa kucha au pleki, yenye ngazi nyingi za juu, husikika kwenye simu, na ile laini ya kidole gumba hupotea.