«Mupime tu damu, tutajua»: testosteroni, SRY na wanawake wa michezo

Mwanamke mwenye mabega mapana akifunga mabao mawili upande wa Zambia, Lubumbashi nzima inageuka kuwa labo. Kwenye nganda (baa), kwenye teksi, na hata kwenye vikundi vya WhatsApp vya waganga wa timu (hao ndio wananiudhi zaidi, maana wamesoma): «Dokta, mupime tu damu, tutajua kama ni mwanamuke ao hapana.» Yalisemwa juu ya Barbra Banda, alipoachwa nje ya kikosi cha Zambia kwenye Kombe la Afrika la Wanawake Morocco mwaka 2022, na mwaka uliofuata akacheza Kombe la Dunia. Yakasemwa tena juu ya Imane Khelif wa Algeria kwenye Olimpiki ya Paris 2024. Faili zao za kitabibu hatujazisoma, kwa hiyo miili yao naiacha. Ninachotaka kukizika leo ni hilo neno «tu».

Tuanze na karatasi ya labo. Kanuni za World Athletics, shirikisho la riadha la dunia, za Machi 2023 ziliweka kikomo cha nanomoli 2.5 za testosteroni kwa lita. Kabla yake kilikuwa 5, na mwaka 2011 kilikuwa 10. Mashine nyingi za hospitali hutoa jibu kwa nanogramu kwa mililita, na ili kupata nanomoli unazidisha kwa 3.47. Maana yake 2.5 ya kanuni ni 0.72 kwenye karatasi yako. Msichana aliyeandikiwa 0.9 ana nanomoli 3.1, asiyetazama kizio atasema yuko sawa. Kinyume chake ndicho kinachoharibu jina la mtu: labo nyingine huandika nanogramu kwa desilita, kiongozi wa timu anaona 25, anakumbuka alisoma mahali kwamba wanaume wana nanomoli 7.7 hadi 29.4, na kabla jua halijazama Kamalondo yote inajua kwamba golikipa ni mwanaume. Hiyo 25 ni nanomoli 0.87. Wanawake wa kawaida wako kati ya 0.12 na 1.79. Golikipa wenu ni mwanamke mwenye homoni za mwanamke, na nyinyi hamjui kuzidisha.

Halafu kuna mashine yenyewe. Imunoasei, kipimo cha kawaida cha hospitali kinachotumia kingamwili, imetengenezwa ikiwaza damu ya mwanaume. Chini huko kwenye viwango vya wanawake inayumba. Inaweza kudanganywa na DHEA-S (homoni nyingine ya mwili), na vidonge au sindano za uzazi wa mpango zenye norethisteroni, hata na biotini ya kuotesha nywele. Namba za kanuni zinategemea spektrometria ya masi, inayotambua molekuli kwa uzito wake, kwa hiyo matokeo ya imunoasei ni ya kukuamsha, hayatoshi kumhukumu mtu. Chukua damu asubuhi, kabla ya saa nne, siku ambayo hakufanya mazoezi mazito, uliza kila dawa anayotumia, acha igande nusu saa, izungushe, tenga seramu, gandisha. Rudia siku nyingine. Umeme ukikatika msihangaike sana: testosteroni inavumilia joto kuliko wengi wanavyodhani. Kinachooza kwanza ni usiri.

Sasa tuje kwenye kiini. Chukua wanawake wawili. Wote wana kromosomu XY, zile za kawaida za wanaume (wanawake wengi ni XX), wote wana korodani zilizobaki ndani ya mwili, wote walilelewa wasichana tangu mkunga alipoandika «fille» kwenye karatasi ya kuzaliwa, na wote labo imewapa nanomoli 18, kwa spektrometa, bila kosa lolote.

Wa kwanza hana kipokezi kinachofanya kazi cha androjeni, yaani homoni za kiume kama testosteroni: seli zake hazina sikio la kuzisikia. Ile 18 ni redio inayopiga kelele kwenye nyumba ya kiziwi. Misuli haisikii, uboho hausikii, koromeo halisikii. Sehemu ya testosteroni inageuzwa kuwa estrojeni, kwa hiyo matiti yanaota vizuri. Nywele za kwapa ni chache au hakuna. Hedhi haiji kwa sababu kizazi hakikuundwa. Mara nyingi hugunduliwa akiwa mtoto anayefanyiwa upasuaji wa ngiri, daktari anakuta korodani kwenye kinena cha binti. Tunaita kutosikia androjeni kikamilifu. Kwenye uwanja huyu hana faida yoyote ya testosteroni. Ukitaka ubishi, ana pungufu kuliko jirani yake wa XX ambaye angalau anasikia kile kidogo alicho nacho.

Wa pili ana kipokezi kizima. Anachokosa ni kimeng'enya cha 5-alfa-reduktesi aina ya 2, kile kinachogeuza testosteroni kuwa DHT, androjeni yenye nguvu zaidi. DHT ndiyo inayounda viungo vya nje vya mvulana tumboni mwa mama, kwa hiyo alizaliwa akionekana msichana, au karibu. Lakini ikifika balehe testosteroni haihitaji DHT ili kujenga misuli, kurefusha mifupa, kuongeza himoglobini na kushusha sauti. Mwili wake unapita balehe ambayo kwa sehemu kubwa ni ya kiume.

Namba ni 18 na 18. Nani atuambie, kwa damu «tu», yupi ni yupi? Mwaka 1985 mruka viunzi wa Uhispania, Maria José Martínez-Patiño, alifeli kipimo cha kromosomu kwenye michezo ya vyuo vikuu huko Kobe, Japani. Alikuwa wa aina ya kwanza. Alipoteza nafasi yake, mambo yake ya ndani yakaanikwa magazetini, na ilimchukua miaka mitatu kurudishiwa haki ya kushindana. Ndiyo maana kanuni za 2018 hazikuishia kwenye namba. Zilitaka pia mwili uwe unaisikia testosteroni kiasi cha kuleta athari ya maana.

Kuna na watu wa katikati, wanaosikia nusu, na hapo nami nashika kichwa. Unaweza kusoma jeni ya kipokezi herufi kwa herufi, ukakuta kosa, na bado usijue misuli inasikia asilimia ngapi. Hakuna kipimo cha kutoa asilimia hiyo. Kinachobaki ni daktari kutazama nywele, sauti, kisimi, umbo, na kutoa maoni. Vitabu huandika «kutosikia kwa sehemu» kana kwamba sehemu hiyo ina ukubwa unaojulikana.

«Basi pimeni jeni, yaishe.» Nilijua mtafika hapo. World Athletics nao walifika: tangu tarehe 1 Septemba 2025 anayetaka kushindana upande wa wanawake kwenye mashindano yanayohesabiwa kwenye viwango vya dunia lazima awe amepimwa mara moja SRY, jeni ya kromosomu Y inayoanzisha korodani, kwa pamba ya ndani ya shavu au damu. Wakati ule kila mtu alishangilia kama kitu kipya. Si kipya. SRY ilipimwa kwenye Olimpiki za 1992 na 1996. Atlanta 1996, kati ya wanawake 3,387, wanane walikuwa nayo: saba wa kutosikia androjeni kwa viwango mbalimbali, mmoja wa 5-alfa-reduktesi. Wote wanane waliruhusiwa kushindana, na mwaka 1999 Kamati ya Olimpiki ikaachana na upimaji huo. Andrew Sinclair, mmoja wa waliogundua SRY mwaka 1990, mwaka 2025 alipinga hadharani matumizi haya. SRY inakuambia jeni ipo. Haisemi kama korodani zilikua, zinatoa nini, wala nani anasikia. Mwanamke mwenye hali iitwayo Swyer (XY ambaye korodani hazikukua) anaweza kuwa na SRY na asiwe na korodani inayofanya kazi hata kidogo. Ana kizazi, na kwa dawa na yai la kupewa anaweza kubeba mimba. Kwa haki, kanuni mpya zinamwachia mwenye kutosikia kikamilifu. Lakini lazima athibitishe, na uthibitisho huo ni safari ndefu ya gharama kwa binti wa hapa.

Na kwenye benchi la labo PCR, mashine inayonakili DNA mara nyingi ili jeni ionekane, ina vitimbi vyake. Asile wala asinywe nusu saa. Pamba isuguliwe ndani ya mashavu yote mawili, ikauke, ifungwe. Aliyeichukua akiwa mwanaume asiye na glavu, au mwanaume akapiga chafya juu ya trei, DNA yake inaingia na Y inatokea bila mwenyewe. Kwa hiyo kila mara weka sampuli tupu isiyo na DNA, sampuli ya mwanamke anayejulikana, na jeni ya pili kama amelojenini ya kulinganisha. Mama aliyewahi kuzaa mtoto wa kiume anaweza kubaki na seli chache za mwanawe kwenye damu kwa miaka. PCR iliyosukumwa mizunguko mingi mno itazikuta. Jibu la «ndiyo» likitoka, anza upya kwa sampuli mpya, kisha kariotipu (picha ya kromosomu zote), kabla hujamwambia mtu yeyote neno. Na mliozoea kutuma kila kitu Ufaransa: sheria ya huko hairuhusu kumpima mtu jeni kwa ajili ya michezo. Wanariadha wao wenyewe walilazimika kupimwa nje ya nchi yao.

Kambi ya pili nayo isianze kunipigia makofi. Wapo wanaosema testosteroni ni kipaji tu kama urefu, mbona warefu hawafukuzwi kwenye mpira wa kikapu. Hatugawi mashindano kwa urefu. Tunagawa kwa jinsia kwa sababu moja: kwenye mbio wanaume wa juu wanawazidi wanawake wa juu kwa asilimia 10 hadi 12, na pengo hilo linafunguka balehe testosteroni inapopanda. Jaribio la 2019 la Hirschberg na wenzake liliwapaka wanawake krimu ya testosteroni, miligramu 10 kwa siku, wiki 10. Testosteroni ya damu ilipanda kutoka nanomoli 0.9 hadi 4.3, na muda wa kukimbia hadi kuchoka ukaongezeka kwa asilimia 8.5. Anayesema haina kitu anataka tu kuwa mwema, na wema si ushahidi.

Ila ushahidi wa pande zote ni mwembamba kuliko sauti zao. Ile krimu walipakwa wanawake wa XX. Haisemi mwanamke wa 5-alfa-reduktesi ana faida kiasi gani, na kundi la kupima hilo ni dogo mno. Utafiti wa Bermon na Garnier wa 2017, uliosaidia kuandika kanuni, ulilinganisha wanawake wenye testosteroni ya juu na wenye ya chini, ukakuta tofauti kubwa zaidi kwenye kurusha nyundo, asilimia 4.53, na kuruka kwa upondo, asilimia 2.94. Kanuni zikafunga nini? Mita 400 hadi maili moja. Nyundo na upondo wakaziacha, mita 1,500 wakaiingiza. Mwaka 2021 jarida lilichapisha masahihisho likikiri kwamba utafiti ulikuwa wa kuchunguza na hauthibitishi chanzo.

Matokeo ya mipaka hiyo tuliyaona hapa jirani. Francine Niyonsaba wa Burundi, ng'ambo ya mto Ruzizi, fedha ya mita 800 Rio 2016 nyuma ya Caster Semenya, alifungiwa masafa yake mwaka 2019. Akahamia mbio ndefu, na Septemba 2021 akavunja rekodi ya dunia ya mita 2,000 kwa 5:21.56. Christine Mboma wa Namibia alizuiwa mita 400, akashuka 200, akachukua fedha Tokyo kwa 21.81. Machi 2023 wakafunga masafa yote, na kutaka 2.5 kwa miezi 24 mfululizo. Kwa nini 24? Nimesoma hoja zao na sijaridhika. Vidonge vya kushusha testosteroni vinashusha himoglobini ndani ya miezi michache. Urefu wa mfupa havishushi hata ukisubiri miaka 24. Kama faida ni ya balehe, kushusha namba leo ni kutibu karatasi.

Na kuna kisu. Mwaka 2013 madaktari wa Ufaransa walichapisha habari za wanariadha wanne wa miaka 18 hadi 21, kutoka nchi maskini, waliotolewa korodani na kukatwa sehemu ya kisimi. Kisimi hakikimbii! Annet Negesa wa Uganda alisema hadharani mwaka 2019 aliyoyapitia kwenye upasuaji wa 2012. Korodani za 5-alfa-reduktesi hatari yake ya saratani ni ndogo. Za kutosikia kikamilifu zinaweza kusubiri hadi utu uzima. Za Swyer ndizo zitolewe mapema. Utaratibu huo unafuata ugonjwa, haufuati kalenda ya mashindano.

Kwa mganga wa timu aliyenisoma hadi hapa: binti wa miaka 16 ambaye hajawahi kupata hedhi, anza na sahani yake. Wakimbiaji wengi wasiopata hedhi wana njaa. Wanachoma kuliko wanachokula. Uliza uzito, uliza kama ana mimba, pima FSH na LH (homoni za ubongo zinazoamuru ovari), prolaktini na homoni za tezi ya shingo, fanya ekografi ya kizazi. Kizazi kikiwepo na FSH ikiwa chini, mpe chakula, punguza kilomita, subiri. Kizazi kisipoonekana, au FSH ikiwa juu, hapo ndipo kariotipu na testosteroni vinaingia, kwa sababu ya afya yake, akiwa na mama yake au mtu anayemwamini, baada ya kuelezwa kwamba anaweza kukataa. Usimvue nguo mbele ya kocha. PCOS, yaani ovari zenye vifuko vingi zinazopandisha testosteroni kidogo, haimtoi mtu uwanjani. Kanuni hizo hazimhusu.

Jibu likirudi, analifungua yeye na wewe. Nakala moja yake, nyingine kwenye kabati lenye kufuli. Rais wa timu akiuliza, mwambie kama mchezaji yuko fiti Jumapili au hayuko.