Heliamu ya Rukwa na heliamu ya Rungwe: dhana potofu kuhusu isotopu za gesi adimu

Tangu mwaka 2016, watafiti wa vyuo vikuu vya Oxford na Durham na kampuni ya Helium One walipotangaza kwamba bonde la Rukwa, kusini magharibi mwa Tanzania, lina heliamu nyingi, gesi hiyo imezungumzwa sana kama mali na kidogo mno kama ushahidi. Dhana inayosikika zaidi ni kwamba heliamu ya Rukwa hutoka moja kwa moja kwenye volkano, kwa kuwa Mlima Rungwe na volkano wenzake wako jirani.

Isotopu, yaani aina za elementi moja zinazotofautiana kwa uzito wa atomu, zinasema vingine. Heliamu-4 huzalishwa kila siku ndani ya miamba, pale urani na thoriamu zinapovunjika na kutoa chembe za alfa, ambazo ni viini vya heliamu. Heliamu-3 iliyomo ardhini, kwa sehemu kubwa, ni masalia ya gesi iliyonaswa Dunia ilipokuwa ikiumbika, na hifadhi yake ni koti la Dunia, yaani tabaka nene lililo chini ya ganda. Hewa tunayovuta ina takriban atomu 14 za heliamu-3 kwa kila atomu milioni 10 za heliamu-4. Katika miamba ya ganda la bara uwiano huo hushuka mara 50 hivi, katika lava ya migongo ya chini ya bahari hupanda hadi karibu mara 8 ya ule wa hewa, na baadhi ya sampuli za Iceland na Hawaii huvuka mara 30. Gesi ya Rukwa imetawaliwa na heliamu-4, kwa hiyo chimbuko lake ni miamba mikongwe ya ganda, iliyoikusanya kwa muda mrefu usio na kifani. Mchango wa Bonde la Ufa, kwa maoni ya watafiti hao, ni joto lililoifungua gesi hiyo kutoka kwenye fuwele zilizoishikilia. Tena kuwa karibu mno na volkano ni hasara, maana kabonidioksidi ya volkano huizimua heliamu.

Rungwe yenyewe ina habari tofauti kabisa. Mwaka 2011, David Hilton na wenzake walichapisha vipimo vya lava za huko vilivyofika takriban mara 15 ya uwiano wa hewa, kiwango kinachozidi kile cha migongo ya bahari na kinachoashiria mkondo wa mwamba moto unaopanda kutoka kina kirefu. Ni heliamu mbili katika eneo moja, ambazo kikemia hazina tofauti yoyote. Bila kuhesabu isotopu, zingechukuliwa kuwa kitu kimoja.

Wapo pia wanaoamini kwamba gesi adimu, yaani heliamu, neoni, arigoni, kriptoni na zenoni, hazina la kueleza kwa kuwa haziungani na chochote. Hakika Neil Bartlett aliiunganisha zenoni na elementi nyingine mwaka 1962, lakini hayo ni ya maabara. Katika mazingira ya kawaida gesi hizi hazilishi mmea, haziozeshi chuma wala haziliwi na bakteria, na ndiyo sababu hutunza kumbukumbu ambazo kabonidioksidi na oksijeni huzipoteza. Ziwa Kivu ni mfano mzuri. Maji yake ya kina yamekutwa na upungufu mkubwa wa gesi adimu za asili ya hewa, upungufu ambao haungekuwepo kama maji hayo yote yangekuwa yameshuka kutoka juu ya ziwa. Unaonyesha kwamba chini yake kuna chemchemi zinazoingiza maji yenye gesi hizo kidogo sana.

Kuhusu arigoni, hudhaniwa kuwa imekuwepo angani tangu mwanzo. Sivyo: zaidi ya asilimia 99 yake ni arigoni-40, iliyotokana na kuvunjika kwa potasiamu-40 ndani ya miamba. Mchakato huohuo ulitumika mwaka 1961 kukadiria umri wa tabaka la Olduvai lenye fuvu la Zinjanthropus kuwa miaka milioni 1.75. Mashine haisomi umri, hata hivyo. Mtafiti huondoa kwanza arigoni ya hewa kwa kutumia arigoni-36, isotopu isiyotokana na potasiamu, kisha hujiuliza kama lava ilipoteza gesi yake yote ilipokuwa uji, kwa kuwa fuwele iliyobaki na arigoni ya zamani hulizeesha jiwe.

Dhana inayoharibu kazi nyingi zaidi ni kwamba chupa yoyote safi inafaa kubebea sampuli. Heliamu hupenya plastiki, na hata kioo huipitisha polepole; ndiyo maana maji ya chemchemi huingizwa katika bomba la shaba, ambalo hubanwa ncha zote mbili mpaka chuma kijizibe chenyewe. Maabara huifungua sampuli katika ombwe, titani iliyopashwa moto hunasa gesi zinazoungana kikemia, na zilizobaki hupelekwa kwenye spektromita ya tungamo, mashine inayotenganisha atomu kwa uzito wake. Hapo heliamu-3 inapaswa kutenganishwa na molekuli ya hidrojeni nzito inayoipita tungamo kwa asilimia 0.2 tu. Neoni hupimwa pia, kwa sababu ikizidi inaonyesha kwamba hewa imeingia.

Mwishowe, gesi zilizonaswa katika barafu ya Antaktika hazielezi baridi ya mahali ilipochimbwa pekee. Bahari baridi huyeyusha kriptoni na zenoni zaidi, hivyo kiasi kilichobaki hewani hufuata wastani wa joto la bahari yote. Utafiti wa mwaka 2018 ulionyesha ongezeko la nyuzi 2.6 hivi tangu kilele cha zama za barafu zilizopita. Katika hesabu hiyo isotopu hutumika kurekebisha athari ya mvutano wa Dunia, ambao huzamisha atomu nzito ndani ya theluji kabla haijawa barafu.