Ushuru wa Trump haulipwi na China

Juzi barazani Jaws Corner, hapa Mji Mkongwe Zanzibar, kikombe cha kahawa mkononi, mzee mmoja alitangaza: "Trump kawakomoa Wachina kwa ushuru wake, sasa wanailipa Marekani!" Wengi wakaitikia. Sivyo.

Ushuru wa forodha humlipisha anayeingiza bidhaa. Mfanyabiashara wa Darajani akiagiza vitambaa Guangzhou, mzigo ukifika bandarini Malindi ni yeye anayelipa. Mchina keshatia chake mfukoni. Halafu bei dukani inapanda, na anayelalamika ni mama aliyekuja kununua mtandio. Marekani ni vivyo hivyo: ushuru ulioanza 2018 dhidi ya bidhaa za China ulilipwa forodhani na waagizaji wa Kimarekani. Mchina huumia kwa njia nyingine, akipoteza wateja au akilazimika kushusha bei.

Wala si kweli kwamba wahafidhina wote wa Marekani, mrengo wa Trump, wanaupenda ushuru. Milton Friedman, mchumi wao mkubwa, alitetea biashara huria. Tena ulishajaribiwa ukaumiza: mwaka 1930 Rais Hoover, wa Republican, chama cha Trump, alitia saini sheria ya Smoot-Hawley iliyopandisha ushuru wa bidhaa za nje. Nchi nyingine zikalipiza, na mdororo wa uchumi ukazidi.

Nilimwambia yule mzee, "Sheikh wangu, kanzu hiyo ushuru wake umeulipa wewe." Akaushika mkono wa kanzu, akaugeuzageuza.