Kumpeleka mbwa likizo kutoka Uingereza: yanayosemwa na yaliyo kweli

Sisi tuliokulia Afrika Mashariki, ukitutajia chanjo ya mbwa tunawaza kitu kimoja tu: kichaa cha mbwa. Ndiyo chanjo inayotangazwa kwa kipaza sauti mtaani, watoto wakavuta mbwa kwa kamba hadi uwanja wa shule na kupanga foleni juani. Basi mtu akihamia Leicester au Reading, akafuga mbwa, akampeleka kliniki kila mwaka na kadi ikapigwa muhuri, hana wasiwasi. Mbwa amechanjwa, Agosti tunakwenda naye Ufaransa.

Dhana hii ndiyo inayowaangusha wengi wetu. Chanjo za kawaida za mbwa Uingereza hazina kichaa cha mbwa ndani yake. Zinakinga magonjwa mengine: distempa, parvo, homa ya ini ya mbwa na leptospirosisi. Kichaa kilishatokomezwa kwa mbwa wa nchi ile, kwa hiyo chanjo yake hupewa mbwa anayesafiri, tena kwa kuombwa na kulipiwa pembeni. Ifungue ile kadi leo usome jina la kila chanjo, usihesabu mihuri.

Na hata akichanjwa, hawezi kuondoka kesho yake. Lazima awe ametimiza wiki 12 ndipo achanjwe, kisha zipite siku 21 kamili. Kabla ya yote hayo awe na chipu ya utambulisho mwilini, kwa sababu sindano iliyotangulia chipu haihesabiki, itabidi irudiwe. Mwombe daktari aisome chipu kabla hajachoma. Kile kifaa hupitishwa taratibu juu ya mabega, kikalia, tarakimu 15 zikatokea kwenye kioo. Zilinganishe na za kwenye karatasi moja baada ya nyingine, ukizitamka kwa sauti kama unavyosoma namba ya kutuma pesa. Tarakimu moja ikikosewa, kwa ofisa wa mpakani huyo ni mbwa mwingine. Chanjo ya marudio nayo ichomwe kabla ile ya mwanzo haijaisha muda. Ikichelewa, siku 21 zinaanza upya.

"Lakini ana paspoti yake." Kama ilitolewa England, Scotland au Wales, haimwingizi tena mbwa Umoja wa Ulaya tangu tarehe 1 Januari 2021. Itunze tu, maana ina kumbukumbu za chanjo. Siku hizi anahitaji cheti cha afya ya mnyama, kinachoandikwa na daktari wa wanyama aliyeidhinishwa na serikali (si kila daktari wa kliniki anayo idhini hiyo), ndani ya siku 10 kabla ya kuingia Ulaya. Ni cha safari moja. Mwakani utalipa tena, na bei hutofautiana sana: kliniki moja pauni 100 na kidogo, ya jirani zaidi ya 200. Piga simu kadhaa, na upige mapema.

Lugha ya cheti pia huwachanganya watu. Kinaandikwa kwa Kiingereza pamoja na lugha ya nchi unayoingilia. Ukienda Hispania kwa gari kupitia Calais, kinachotakiwa ni Kifaransa, hata kama Ufaransa utalala usiku mmoja tu.

Wapo wanaosema paspoti zimerudi. Mwezi Mei 2025 Uingereza na Umoja wa Ulaya walikubaliana kulegeza masharti haya, na habari ikaenea upesi kwenye magrupu ya WhatsApp. Makubaliano hayo hayakubadilisha sheria siku ile. Kabla ya kulipia feri, soma tovuti ya serikali ya wiki hiyohiyo, usitegemee ujumbe uliosambazwa.

Nimekaa kwenye minyoo zaidi ya yote, kwa sababu hapo ndipo sisi wenyewe tulipokwama. Watu husema mbwa hupewa dawa ya minyoo nyumbani kila baada ya miezi mitatu, basi yuko salama. Mpaka hauulizi hivyo. Kabla ya kurudi Uingereza, mbwa lazima apewe dawa ya tegu, aghalabu prazikwanteli, na daktari, si zaidi ya saa 120 wala si chini ya saa 24 kabla ya kuingia, na daktari aandike jina la dawa, tarehe na saa. Anayelengwa ni tegu mdogo wa milimita chache tu, ambaye hayupo Uingereza na ambaye akimwingia binadamu huweza kuharibu ini. Dawa inaua waliomo tumboni siku ile, haizuii wapya, ndiyo maana muda wake ni mfupi hivyo. Anayerudi moja kwa moja kutoka Ireland, Finland, Malta au Norway hasumbuliwi na sharti hili.

Sisi tulikuwa tunatoka Hispania. Mbwa wetu Popi alipewa kidonge mbele ya macho yangu, nikaona muhuri, nikaona sahihi, nikakunja karatasi. Kule Calais yule dada wa dirishani aliweka kidole kwenye kisanduku kidogo na kunigeuzia karatasi. Tarehe ipo. Saa hakuna. Hakunigombeza, alinipa tu orodha ya kliniki za karibu. Tukarudi mjini, Popi akameza kidonge cha pili, tukakaa kwenye chumba cha hoteli tukisubiri saa 24 zitimie, na mwanangu akakosa siku yake ya kwanza shuleni. Tangu hapo siondoki dirishani kwa daktari kabla sijasoma kisanduku kwa kisanduku.

Mkoba wa chakula cha mbwa nao huachwa mpakani. Kutoka Uingereza huruhusiwi kuingiza Ulaya chakula chenye nyama au maziwa, hata cha mbwa. Kile cha matibabu maalumu kinaruhusiwa hadi kilo 2, kikiwa hakijafunguliwa, ila kile anachokula wakati huo. Kingine utanunua huko.

Ndege? Mashirika mengi hayaruhusu mbwa kukaa na abiria kwenye safari za kuingia Uingereza. Hufika kama mzigo uliosajiliwa. Ndiyo sababu familia nyingi huingiza gari kwenye treni ya Folkestone inayopita chini ya bahari hadi Calais, dakika 35, mbwa akiwa kiti cha nyuma na wenyewe. Wala usimpe dawa ya usingizi ili atulie. Huweza kumvuruga pumzi na mwendo wa damu mahali ambapo hakuna wa kumwangalia.

Sasa dhana inayoniuma kuliko zote: kwamba mbwa akipita ukaguzi wote, amekingwa. Chipu, chanjo ya kichaa, dawa ya tegu, vyote viliwekwa kuwalinda watu na nchi. Hakuna ofisa atakayekuuliza habari za usubi. Na usubi wa pwani za Mediterania ndio wanaoeneza leishmania, ugonjwa ambao huweza kukaa miezi au miaka kabla ya kuonekana, na mbwa akishaupata mara nyingi hutunzwa nao maisha yake yote. Wanauma kuanzia jua linapozama hadi alfajiri. Mvalishe mkanda wa shingoni wenye dawa ya kufukuza usubi wiki moja au mbili kabla ya safari, na umlaze ndani. Kupe watafute kwa vidole kila jioni: nyuma ya masikio, kwapani, katikati ya vidole. Mwaka 2016 mbwa wa Harlow, Essex, waliugua babesia, ugonjwa wa damu unaoenezwa na kupe, na hawakuwa wamewahi kutoka nje ya nchi.

Na nyumbani je? Wengine hudhani Kenya au Tanzania ni safari ileile, ndefu kidogo tu. Kwenda kunahitaji kibali cha kumwingiza mnyama. Kurudi ndiko kugumu: nchi hizi hazimo kwenye orodha inayokubalika, kwa hiyo kinatakiwa kipimo cha damu, kichukuliwe angalau siku 30 baada ya chanjo ya kichaa, kionyeshe kinga ya 0.5 IU kwa mililita au zaidi. Kama hakikufanywa kabla ya kuondoka, kuna miezi mitatu ya kungoja tangu damu ilipotolewa. Atakayefika bila hayo anaweza kuwekwa karantini hadi miezi minne, kwa gharama yako.

Sisi Tanga tunakwenda bila Popi. Anabaki kwa jirani, na bakuli lake, na blanketi lake la kijani.